Kompyuta ya Wauza Chai

Kikombe kimoja cha chai na kipande cha keki havimtajirishi mtu. Faida yake ni ndogo kiasi kwamba karani akikosea hesabu kidogo tu, imeyeyuka. Lakini uza vikombe hivyo asubuhi hadi jioni, katika migahawa zaidi ya 200, mwaka baada ya mwaka, na chembe zile zitajaza ghala. Ndivyo ilivyokua kampuni ya J. Lyons & Co. ya London. Ilianzishwa mwaka 1887, ikafungua mgahawa wake wa kwanza wa chai mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, na kufikia miaka ya 1930 wahudumu wake wa kike, waliovaa gauni jeusi na aproni nyeupe na kuitwa Nippy, walijulikana Uingereza nzima. Makao makuu yalikuwa Cadby Hall, Hammersmith, magharibi mwa London: bekari, majiko makubwa, maghala na ofisi, vyote mahali pamoja.

Humo ndani, wauza chai hawa walijenga kompyuta yao wenyewe. Wakaipa kazi ya kuhesabu mikate, na mwezi Novemba 1951 ikawa kompyuta ya kwanza duniani kubeba kazi ya kawaida ya biashara, wiki kwa wiki. Benki hazikutangulia, wala kampuni za bima, wala viwanda vya umeme. Kila ninapoirudia habari hii, swali linalonishika ni hilo hilo: kwa nini wao?

Jibu linaanzia mwaka 1923, Lyons ilipomwajiri kijana aliyemaliza hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, John Simmons. Alichokikuta ofisini kilikuwa bahari ya karatasi. Kila chai iliyouzwa iliacha karatasi yake: hati ya mteja, hesabu ya mgahawa, oda ya bekari, daftari la stoo, mshahara wa aliyeimimina. Mamia ya makarani walikaa safu kwa safu wakijumlisha, na wengine wakijumlisha upya ili kuwahakiki wa kwanza. Simmons alilielewa jambo ambalo mwenye duka yeyote wa Kariakoo analielewa bila kusoma: gharama ya kuihesabu bidhaa ikikaribia faida ya bidhaa yenyewe, unawafanyia kazi makarani. Akaona na jambo la pili, ambalo lilimuuma zaidi. Binadamu mwenye akili timamu anayejumlisha tarakimu kutwa nzima, kwake yeye, alikuwa anapotezwa bure.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Lyons ikawa na ofisi maalumu ya kuchunguza taratibu zake za kazi. Watu wake hawakuuza kitu wala kupika kitu. Walizunguka idara kwa idara wakiuliza maswali ya kukera: fomu hii inajazwa kwa ajili ya nani? Anayeisoma ni nani? Akishaisoma, anaamua nini? Fomu isiyokuwa na mwamuzi nyuma yake ilifutwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi na tano, kabla ya mtu yeyote pale kusikia neno kompyuta, kampuni ilikuwa imejizoeza kuijua kazi yake mpaka kwenye mifupa. Mimi naamini mashine ilizaliwa hapo, katika maswali yale, na waya zilikuja baadaye tu.

Mei 1947, vita vikiwa vimekwisha na Uingereza ingali inakula kwa mgawo, Lyons iliwatuma maofisa wake wawili Marekani, Raymond Thompson na Oliver Standingford, wakaangalie Wamarekani wamepiga hatua gani katika kazi za ofisi. Waliyoyaona katika ofisi hizo hayakuwashangaza. Mengi yake Hammersmith ilikwisha kuyafanya. Kilichowashika ni habari za mashine za elektroni zilizotengenezwa wakati wa vita kwa ajili ya hesabu za mizinga. Wakafika Princeton, kwa mwanahisabati Herman Goldstine. Wanajeshi na wanasayansi walikuwa wamekwisha kumjia na mahitaji yao. Hawa walimjia na mishahara, ankara na keki. Aliwasikiliza, akavutiwa, kisha akawaambia kwamba huko huko kwao, Cambridge, kuna Douglas Hartree na Maurice Wilkes wanaojenga mashine ya namna hiyo. Watu wawili walikuwa wamevuka Atlantiki kwenda kuambiwa habari za mji ulio mwendo wa treni tu kutoka ofisini kwao.

Ripoti yao kwa wakurugenzi ni ya kustaajabisha ukizingatia kwamba mwaka huo hapakuwa na kompyuta hata moja ya ofisi popote duniani. Walieleza ni kazi zipi za ofisi ambazo mashine ingeweza kuzichukua, wakakadiria kwamba ingegharimu pauni 100,000 na kuokoa pauni 50,000 kwa mwaka. Bodi ilikuwa ya watu wa chakula, wazao wa familia za Salmon na Gluckstein zilizoianzisha kampuni, na hawakuwa na sababu ya kuelewa saketi hata moja. Walielewa pauni 50,000. Kwanza wakaipa Cambridge pauni 3,000 na kuwaazima fundi wao, Ernest Lenaerts, kwa makubaliano kwamba mashine ya chuo ikifanya kazi, chuo kitawasaidia kujenga ya kwao. Mashine hiyo, EDSAC, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Lyons ikaanza kujenga.

Mhandisi mkuu alikuwa John Pinkerton, aliyetokea kwenye utafiti wa rada wakati wa vita na kisha maabara ya Cavendish. Aliifuata ramani ya EDSAC kwa unyenyekevu wa fundi anayejua kwamba lengo ni kazi ya kila siku. EDSAC ilikuwa na vali za kioo zipatazo 3,000, zile zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za zamani. Ya Lyons ilikuwa na karibu 6,000, na kumbukumbu yake ilikaa ndani ya mirija ya zebaki, tarakimu zikisafiri humo kama mawimbi ya sauti. Mashine ya chuo ikizimika, mtafiti anakwenda kunywa chai na kurudi kesho. Mashine ya Lyons ikizimika, chai yenyewe haifiki. Kwa hiyo Pinkerton alihangaika kuliko wote na uimara: kila sehemu ipimwe, na iliyo dhaifu ing'olewe kabla haijaharibika kazini.

Jina lake lilikuwa Lyons Electronic Office, kwa kifupi LEO. Kwa Kilatini neno hilo ni simba. Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ni siku hii tuliyonayo. Waliolibuni hawakulijua hilo la pili, lakini mimi hulipenda zaidi, na huona kwamba neno la kuangaliwa ni lile la mwisho katika jina refu. Waliiita ofisi. Neno kompyuta halimo.

Haikwenda vizuri moja kwa moja. Walikuwa wameiagiza kampuni ya nje iwatengenezee mfumo wa kuingizia na kutolea taarifa kwa tepu za sumaku, na mfumo ule ulikula muda mrefu bila kukaa sawa. Mwishowe wakauacha na kurudi kwenye kadi za matundu na tepu za karatasi, vitu vya kizamani ambavyo makarani walivifahamu. Kuiacha teknolojia mpya uliyoingojea kwa hamu, ukachukua ya zamani kwa sababu kazi inasubiri, kunahitaji ujasiri wa aina yake.

Wakati huo huo palikuwa na David Caminer. Aliingia Lyons mwaka 1936 kama mwanafunzi wa uongozi, akaenda vitani, akapoteza mguu Tunisia, akarudi kuiongoza ile ofisi ya kuchunguza taratibu. Ndiye aliyesimamia kuigeuza kazi ya Lyons iwe maagizo ya mashine, na waliofanya kazi chini yake walimkumbuka kwa ukali. Kabla ya mtu kuandika agizo moja, ilimbidi achore mtiririko mzima wa kazi, hatua kwa hatua, pamoja na kila jambo linaloweza kuharibika njiani, na mwenzake aukague. Programu ziliwekewa jumla za kuhakiki. Aliyepitisha kosa alilisikia.

Wengi wa waandishi wa programu hizo walitoka ndani ya Lyons yenyewe. Kampuni iliandaa kozi na mitihani kwa wafanyakazi wake, ikachuja. Mary Blood, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mary Coombs, alikuwa akishughulika na hesabu za mauzo ya aiskrimu. Mwaka 1952 akajiunga na timu ya LEO, na historia inamtambua kama mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara. Mtu wa aiskrimu alikuwa tayari anajua kwamba joto likipanda mauzo hupaa na kwamba takwimu za Ijumaa hazifanani na za Jumanne. Kumfundisha mashine kulichukua wiki kadhaa. Kumfundisha mtu wa mashine biashara ya Lyons kungechukua miaka.

Kazi ya kwanza ilichaguliwa kwa hekima. Ilikuwa ni kupata thamani ya kila kilichotoka bekari kwa wiki: mikate, keki na pai, gharama za malighafi na nguvu kazi, na mgawanyo wake kwa migahawa na wateja wengine, ili wasimamizi waone wapi fedha inaingia na wapi inavuja. Kazi hii ilikuwa na hesabu nyingi na taarifa chache za kuingiza, jambo lililoifaa mashine ya wakati ule. Muhimu zaidi, ilikuwa ya lazima lakini haikuwa ya kufa na kupona. Ikichelewa siku moja, mkurugenzi atanuna. Hakuna atakayelala njaa. Novemba 1951 makarani wakaiachia LEO kazi hiyo moja kwa moja.

Mishahara ilisubiri. Hapo kosa lina uso wa mtu, mama aliyesimama langoni Ijumaa akiingojea bahasha. Kwa muda LEO ilihesabu mishahara huku makarani nao wakiihesabu kwa mkono, na majibu yakilinganishwa. Mwanzoni mwa 1954 ndipo malipo halisi yalipoanza kutoka kwenye mashine. Karani mzoefu alitumia kama dakika nane kwa mshahara wa mtu mmoja; LEO ilitumia sekunde moja na nusu. Tarakimu hiyo ndiyo iliyopendwa na magazeti, na ndiyo inayonukuliwa mpaka sasa. Kwangu mimi si kiini cha mambo. Mshahara uliohesabiwa upesi ni mshahara ule ule.

Kiini kiko katika kazi ya Oktoba 1954, ile ya oda za migahawa, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka.

Kila msimamizi wa mgahawa wa Lyons alipaswa kuagiza Cadby Hall vitu vya kesho: mikate mingapi, keki za aina gani, pai ngapi. Zamani alijaza fomu ndefu, kila kitu kwa mstari wake, siku kwa siku. Fomu zikasafiri, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa bekari na majiko. Kuihamisha kazi hiyo kwenye kompyuta kwa njia ya wazi kungekuwa rahisi kuielewa: chukua fomu zile zile, zitoboe kwenye kadi, mashine ijumlishe. Ingekuwa haraka zaidi kidogo, na upuuzi ule ule.

Watu wa Caminer walirudi kwenye swali lao la siku zote. Msimamizi huyu anaamua nini hasa? Walipoangalia, waliona kwamba oda ya Jumatatu hii inafanana sana na ya Jumatatu iliyopita. Kinachobadilika ni vitu vichache: mvua, sikukuu, sinema mpya mtaa wa pili. Basi kila mgahawa ukawekewa oda ya kudumu kwa kila siku ya wiki, nayo ikahifadhiwa kwenye kadi. Mchana, karani wa Cadby Hall alimpigia simu msimamizi kwa saa iliyopangwa, akamuuliza jambo moja tu: leo unabadilisha nini? Msimamizi akataja mabadiliko yake, na karani, vipokea sauti masikioni, akayatoboa kwenye kadi pale pale alipokuwa akiyasikia. LEO ikachukua oda za kudumu, ikaweka mabadiliko, ikatoa kila kitu: bekari zioke kiasi gani, wafungaji wafunge nini kwa kila mgahawa, magari yapakiwe vipi. Asubuhi mikate ilikuwa mlangoni.

Mwanamke aliyesimamia mgahawa alipata nafasi ya kuwaangalia wateja wake badala ya fomu. Wakuu nao walipata kitu ambacho hapo awali hakikuwezekana kwa wakati: kuona mgahawa upi unaagiza zaidi ya unavyouza, na keki ipi inarudi imekauka. Kampuni iliyoishi kwa faida ya chembe chembe ilikuwa sasa inaziona chembe zake. Mhandisi angejenga mashine ya kasi mara kumi bila kufika hapo, kwa sababu njia ya kufika hapo ilipita kwenye simu ya mchana na kichwa cha msimamizi wa mgahawa. Simmons alikuwa ameingoja siku hiyo tangu 1923.

Sifa zilienea. Ford iliwaletea hesabu za mishahara ya kiwanda chake cha Dagenham. Reli za Uingereza zilitaka masafa kati ya stesheni zake, na mamlaka ya kodi ilitaka majedwali mapya bajeti inaposomwa. Novemba 1954 Lyons iliunda LEO Computers Ltd ili kuwauzia wengine, na kazi za wateja zikaja kufanywa pia katika jengo walilolipa jina la Hartree House. LEO II ikafuata mwaka 1957, kisha LEO III mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashine ya transista iliyoweza kuendesha programu kadhaa kwa pamoja. Watumishi wa LEO walimwendea mteja kwa desturi yao ya zamani: kwanza tuelewe kazi yako, mashine baadaye. Wateja waliwaheshimu kwa hilo.

Lakini kulikuwa na jambo lililogeuka, na sioni kwamba waliliona mapema. LEO ya kwanza ilijengwa ili chai iuzwe vizuri zaidi. LEO ya tatu ilijengwa ili LEO iuzwe. Kutengeneza kompyuta kulidai mtaji ulioongezeka kila mwaka, mbele ya mshindani kama IBM, ambayo Aprili 1964 ilitangaza familia yake ya System/360. Mkurugenzi wa kampuni ya chakula angeulizwa na wenye hisa: fedha hii ya keki inafanya nini huko? Lilikuwa ni swali lile lile la Simmons, safari hii likiwageukia wenyewe, na hawakuwa na jibu. Mwaka 1963 LEO iliunganishwa na kitengo cha kompyuta cha English Electric, na mwaka uliofuata Lyons ikauza hisa zake zilizobaki. Januari 1965 LEO ya kwanza ilizimwa.

Mwaka huo huo wa 1965, kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilisimikwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, na kampuni ya ICT iliungana mwaka 1968 na warithi wa LEO kuwa ICL, kwa hiyo tunaweza kusema ukoo ulikutana. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine halikufaulu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo hutajwa siku hizi kama woga wa maendeleo. Mimi huisoma kwa huruma zaidi. Nchi changa yenye fedha za kigeni za kuhesabu vidoleni ilikuwa imenunua jibu kabla ya kupata nafasi ya kulichambua swali. Lyons ilikuwa na Simmons kwa miaka 24 kabla ya safari ya Princeton. Hazina ya taifa lenye umri wa miaka minne ingempata wapi mtu wa namna hiyo, na muda huo?

Lyons yenyewe haikuokolewa na busara yake ya zamani. Miaka ya 1970 ilikopa kwa fedha za kigeni ili kununua makampuni ya nje, ikiwemo Baskin-Robbins ya Marekani. Pauni ikashuka thamani, madeni yakafura, na mwaka 1978 Allied Breweries ikainunua kampuni nzima. Hakuna kadi ya matundu ambayo ingemwambia mkurugenzi asikope. Cadby Hall ikabomolewa.

Mashine za mwisho za LEO zilikuwa kwa Posta ya Uingereza, zikitoa ankara za simu za nchi nzima. Ziliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1981, mikono ya mafundi ikizihudumia kama watu wanavyomtunza mzee mwenye heshima, miaka 30 baada ya dada yao mkubwa kuhesabu mikate ya wiki moja ya Novemba.